Kigugumizi cha Mikono

Mimi sipendi kufundishwa kazi yangu. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Miaka ishirini na miwili niko nyuma ya kaunta hii. Nilianza na zile kanda nene kama tofali, zikaja DVD, na sasa kila mtu anataka mambo yake yakae kwenye simu. Basi anayeniletea DVD ya harusi yake namgeuzia iingie kwenye simu na icheze bila kukwama. Mtaa mzima unaniita Mama Kanda, hata wale ambao kanda yenyewe hawajawahi kuishika.

Na kazi yangu naikagua kwa masikio. Naam, masikio. Naiwasha video, naigeuzia mgongo, naendelea kupanga makasha yangu rafuni. Sauti ikijikata, najua picha nayo imeganda. Ikienda moja kwa moja, kazi imekwisha, mteja aje achukue. Sikuwahi kukosea. Yaani, sikuwahi mpaka alipokuja huyu ninayemwita Fundi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, futi ya kupimia imening'inia shingoni, nyuzi za rangi zimemganda kwenye sketi, mkononi simu ndogo ya zamani ambayo kioo chake hakizidi kipande cha sabuni. Akaweka DVD sita mbele yangu. Nikamsabahi. Akatabasamu, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Kisha akatoa mfukoni chaki ile bapa ya mafundi cherehani na kuanza kuandika juu ya kaunta yangu. Kaunta niliyoing'arisha asubuhi ile ile!

"Ala! Wewe, daftari huna?" nikafoka.

"Mgombeze vizuri, wifi," akasema dada wa mume wangu, ambaye huuza makava ya simu hapo mlangoni pangu na hajawahi kupitwa na neno. "Paza sauti. Labda mara ya pili atasikia."

Nilijiona mjinga, nikainama kusoma: NIGEUZIE ZIINGIE KWENYE SIMU. MTIHANI JUMAMOSI.

Mengine alinieleza hivyo hivyo, akiandika na kufuta kwa kiganja. Alikuwa mshonaji katika kiwanda kidogo cha sare, ng'ambo ya barabara kuu. Miaka minane alikuwa akishona mikono ya mashati na kufunga vifungo, basi. Ili apandishwe meza ya kukata, sharti awe na cheti cha koti. Alishajaribu mara mbili, na mara zote mbili kola ilimwangusha. Mwalimu pekee aliyeelewana naye alikuwa mzee mmoja, fundi koti, kiziwi kama yeye. Kabla hajafariki, mzee yule alijirekodi masomo yote kwa ishara akayaweka kwenye diski hizo sita. Sasa deki ya Fundi ilikuwa imekufa, na cherehani anayojifunzia ni ya kiwanda, imefungwa nati mezani, anaruhusiwa kuitumia saa ya chakula tu. Hapo kwenye sindano haiingii runinga. Inaingia simu.

Nikamuuliza kwa kuandika, hiyo kola ikimwangusha tena? Akaandika kwamba anayefeli mara tatu hapewi nafasi ya nne. Halafu akaandika jambo jingine, polepole zaidi. Mwaka jana mkuu wa wasimamizi alisoma matokeo kwa mdomo, uso kauinamishia karatasi, hata midomo haikuonekana. Watu wakainuka, wengine wanashangilia, wengine wanalia. Yeye alibaki kwenye kiti chake akisubiri mtu amwambie. MFAGIAJI ALIPOFIKA MIGUUNI KWANGU NDIPO NIKAJUA NIMEFELI.

Nina tabia moja mbaya: nikimwonea mtu huruma, nakuwa mkali. Nilizikusanya zile diski kwa kishindo nikamwonyesha vidole vinne. Kesho saa nne, na asichelewe.

Simu yake ilikuwa goigoi. Nilipoitia video kama ilivyo, ilikwenda hatua mbili ikaganda, hatua mbili ikaganda. Hilo halikunitisha, dawa yake ninayo. Video ni picha zilizosimama zinazopita mbio machoni. DVD inapitisha ishirini na tano kila sekunde. Simu goigoi haiwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo mimi huzipunguza mpaka kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kulalamika. Bibi harusi hubaki bibi harusi. Na kwa kuwa kazi yangu naipenda, nilikaa saa nzima nikisafisha sauti, maana nyuma yake kulikuwa na feni inayovuma. Niliitoa yote. Nikawasha, nikageukia rafu zangu, nikasikiliza. Hakuna mkwaruzo, hakuna kukatika.

"Hii hata kipofu ataiona," nikamtambia wifi.

Jumanne Fundi alikuja, akachukua, akanishukuru kwa mikono miwili. Jumatano saa saba na nusu mchana alirudi, na safari hii hakutabasamu. Alinivisha koti. Sikuombwa ruhusa, alizunguka kaunta akanivisha koti jeusi lisilo na mikono, lenye muhuri wa ofisi ya mitihani ndani, akanigeuza mbele ya kioo cha wifi cha kupimia makava. Kola ilikaa juu ya shingo yangu kama kofia ya kuazima. Mshono wote wa nyuma ulikuwa nje.

Akaandika kwamba kila mtahiniwa hupewa vipande viwili tu vya kitambaa vyenye muhuri, kimoja cha mazoezi na kimoja cha mtihani. Cha mazoezi ndicho hiki, kimeharibika. Chini yake akaandika: MWALIMU WANGU ALIKUWA MFASAHA. KWENYE SIMU HII ANA KIGUGUMIZI.

Nikaja juu! "Kigugumizi? Video yangu? Haigandi hata kidogo! Tazama, tazama mwenyewe!" Nikaichukua simu yake na kuiwasha mbele ya macho yake, video ikaenda bila kusimama. "Kigugumizi kiko wapi hapo?"

Fundi alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa. Akanishika kifundo cha mkono, akanipeleka mpaka kwenye runinga ya dukani, akatia diski ya sita na kuisogeza mpaka alipopataka. Mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote, chaki nyuma ya sikio. Akainua vidole vitatu. Halafu, upesi sana, kidole cha shahada kikajikunja na kujikunjua, kama mtu anayejikuna mara moja. Fundi akasimamisha picha. Akanifanyia mwenyewe: vidole vitatu, kidole kikajikunja. Akaandika: 3 NA ROBO. Hiyo ilikuwa ishara ya karakana yao, yeye na mzee wake.

Kisha akaniwekea simu mbele ya pua. Vidole vitatu. Mkono tayari umeshuka. Akarudisha nyuma. Vidole vitatu, mkono umeshuka. Robo haikuwepo. Zile picha kumi na tatu ninazotupa kila sekunde, mimi fundi mkubwa, ndizo zilizokuwa na robo ndani yake. Yeye akakata inchi tatu kama mwalimu wake alivyomwambia, kola ikatoka fupi.

Niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Nilikuwa nimemkatia mtu maneno, na kibaya zaidi nilikuwa nimemsafishia feni. Nikachukua chaki mkononi mwa Fundi, nikaandika kwenye kaunta yangu mwenyewe: NISAMEHE. Akaifuta haraka kwa kiganja, kana kwamba ameona uchafu, akaandika: KIMEBAKI KIPANDE KIMOJA.

Basi nikafunga mlango nusu na kuanza upya. Picha zote zibaki, hata moja nisiitupe. Na kulikuwa na jambo jingine nililolijua siku zote nikalipuuza. Kila picha ya DVD imesukwa kwa nusu mbili, mistari ya juu na ya chini ikipokezana. Kwenye runinga za zamani hilo halina neno. Kwenye simu, mkono ukienda mbio nusu hizo zinapishana, na vidole vinaota meno kama kitana. Kwa hiyo nikazifumua zile nusu, kila moja nikaikamilisha iwe picha yake yenyewe. Hamsini kwa sekunde. Kwenye kompyuta, mikono ya yule mzee ilitiririka mpaka nikasahau kupumua. Nikatia kipande cha majaribio kwenye simu. Simu ikapata moto kama pasi, ikazima.

"Imekufa?" wifi akauliza.

"Imezimia."

Akasogea mpaka kwenye kompyuta yangu, akanyoosha kidole. "Hivi wifi, huu mstari unaorukaruka hapa chini ni nini?"

"Sauti."

"Ya nani?"

"Ya... ya chumba. Jogoo analia mara mbili, na feni kidogo."

"Na wa kuisikiliza ni nani?"

Jamani! Miaka ishirini na miwili, na aliyeliona kosa langu ni muuza makava. Sikumpa raha ya kunisikia nikikubali. Niling'oa sauti yote, nikatia tena. Simu ikabeba dakika nne, ikaanza kusuasua.

Fundi alikuwa ameketi pembeni akila mkate wake, saa yake ya chakula inakwisha. Akainuka, akapangusa makombo, akachukua chaki na kuchora juu ya kioo cha kompyuta yangu. Nilitaka kupiga kelele, nikajikaza. Alichora mstari juu ya kichwa cha mwalimu, mwingine pembeni mwa kiwiko cha kulia, wa tatu pembeni mwa kiwiko cha kushoto, wa nne chini ya ukingo wa meza. Nje ya mistari hiyo kulibaki pazia, kalenda na chombo cha maua. Kisha akafanya mkasi kwa vidole viwili, akakata hewa.

Alikuwa ananipimia! Nusu nzima ya picha ilikuwa kitambaa cha kutupa, nami nilikuwa naibebesha simu ya watu pazia na maua. Nikakata pale pale kwenye chaki. Fundi akarudi kiwandani mbio, mimi nikaiacha kompyuta itafune kazi hiyo mpaka siku ya pili.

Alhamisi saa tatu asubuhi ikawa tayari. Nikaiwasha kwenye simu, nikageukia rafu zangu.

"Wifi," akaniita yule wa mlangoni. "Unasikiliza nini?"

Nikarudi nikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka, nilikagua kazi kwa macho. Fundi alikuwa ameniachia idadi: katika somo la kola robo inatajwa mara tisa. Dakika arobaini nilikaa na yule mzee nikihesabu vidole vyake. Nikapata nane. Nikarudia, nane. Nilipoitafuta iliyopotea, niliikuta mahali ambapo diski yenyewe ilikuwa na mkwaruzo. Nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua taratibu kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, nikaiosha, nikaanza upya kipande hicho. Tisa! Niliruka juu, kiti kikaanguka.

Ukimtazama mtu dakika arobaini mara tatu, unamjua. Nilijua namba zake zote, moja mpaka ishirini. Nilijua ishara ya kola na ya mshono. Na nilijua jinsi anavyomaliza: kola ikilala sawasawa, mzee anapitisha kiganja nyuma ya shingo yake mara moja, polepole, halafu anafungua mikono yote miwili mbele ya kifua. Imekaa. Hapo uso wake ulikuwa unakunjuka mpaka nami nacheka peke yangu.

Saa saba Fundi alikuja. Alitazama dakika mbili, akaiweka simu chini, akafunika uso kwa viganja. Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe analia. Akaandika: AMERUDI.

"Hakuna kulia hapa," nikasema, huku natafuta leso yangu mwenyewe. Nikamwandikia: MAZOEZI UTAFANYIA KITAMBAA GANI? Akainua mabega. Nikatazama huku na huku, nikaona pazia zito linalotenga chumba cha nyuma. Nikapanda kwenye kiti, nikaling'oa na vyuma vyake.

"Toba!" wifi akapiga kelele. "Pazia la kaka yangu!"

"Kaka yako alilinunua bila kuniuliza. Maua makubwa hivi nani anayapenda?"

Ijumaa mchana mimi nilivishwa tena koti, safari hii la maua mekundu, nusu ya koti kwa kweli, mabega na kola basi. Wifi akanigeuza kwenye kioo chake. Kola ilikuwa imelala shingoni kama imezaliwa pale. Mshono wa nyuma hauonekani hata kwa kuutafuta. Wifi alizunguka mara mbili akitafuta kasoro, akazikosa, akasema, "Kumbe lile pazia lilikuwa zuri."

Jumamosi nilimwambia wifi naenda kununua diski tupu. Akasema naye anakwenda kununua diski tupu. Tukakutana wote wawili kwenye dirisha la ukumbi wa chuo unakofanyiwa mtihani, tumeshika nondo, katikati ya ndugu za watahiniwa. Hatukuulizana kitu.

Fundi alikuwa safu ya tatu, namba kumi na saba, ametugeuzia mgongo. Simu ilikuwa imebaki mlangoni kwa mlinzi, hairuhusiwi. Tangu asubuhi mpaka saa tisa nilimwona akikata, akishona, akipiga pasi. Mara moja alisimama kabisa, chaki hewani, roho yangu ikaruka. Halafu nikaona mkono wake wa kushoto, chini ya meza, ukifanya peke yake: vidole vitatu, kidole kikajikunja. Akakata.

Wasimamizi wakapita na futi zao, wakapima, wakaandika. Saa kumi watahiniwa wakaketi. Mkuu wao, mtu mnene mwenye miwani ncha ya pua, akasimama, akainamisha uso kwenye karatasi kama aliyeiangushia sindano, akaanza kusoma.

"Namba moja, amefaulu. Namba mbili, hakufaulu."

Wenzetu wa dirishani wakaanza vigelegele na vilio. Fundi alikuwa ametulia, mikono mapajani, anatazama utosi wa yule bwana. Utosi hausemi kitu. Nikaona mabega yake yanapanda kidogo kidogo, na nikaona mfagiaji amekwishasimama mlangoni na ufagio wake. Pale pale hasira ikanipanda. Si leo! Nikaanza kujipenyeza kando ya ukuta, nikikanyaga watu, samahani, samahani, mpaka nikafika dirisha la mbele, lile lililo usoni kwa watahiniwa. Nikapanda juu ya tofali.

"Namba kumi na sita, hakufaulu. Namba kumi na saba." Yule bwana akapindua ukurasa. "Namba kumi na saba, amefaulu. Kola bora ya mwaka huu."

Niliachia nondo nikapunga mikono yote miwili kama ninayezama. Fundi akaniona. Macho yakamtoka. Nikamwambia, kwa vidole vyangu hivi vilivyozoea makasha: kumi. Saba. Kola. Halafu nikakwama. Ishara ya kufaulu sikuwa naijua! Somo zima la mzee halikuwa na kufaulu ndani yake. Fundi alikuwa anangoja, uso umemkauka, na mimi nimeduwaa juu ya tofali kama simu goigoi.

Ndipo nikamkumbuka mzee. Nikapitisha kiganja nyuma ya shingo yangu, mara moja, polepole. Nikafungua mikono yote miwili mbele ya kifua.

Imekaa.

Fundi hakupiga kelele. Alipitisha mkono nyuma ya shingo yake, akaufungua, akarudia, kasi zaidi, akarudia tena, na mimi namjibu, na wifi kule dirisha la nyuma anapiga vigelegele mpaka yule bwana akainua uso kutoka kwenye karatasi kwa mara ya kwanza siku ile. Fundi alikuwa ameshasimama. Akakwapua koti lake mezani, akalivaa juu ya gauni, akatoka mbio kuja kwetu, akampita mfagiaji mlangoni na ufagio wake.